Vagoni za Shemandefere Yetu: Namna Mtoto Anavyoweza Kuzitengeneza kwa Mikebe bila Kukosea Historia

Likizo kubwa ikifika watoto wetu hawakosi kazi ya mikono. Asubuhi mwana anaomba mikebe ya tomati, waya, vifuniko vya chupa na sandale iliyokatika, na jua likianza kushuka kamioni imekwisha kuzaliwa mbele ya nyumba. Lakini wale wa Kalemie, Kabalo, Kamina, Likasi na wa mitaa ya Lubumbashi iliyo karibu na reli, wengi hawatengenezi kamioni. Wanatengeneza treni. Juma hili tunazungumza juu ya treni hiyo, na si juu ya lokomotivi, maana kila mtoto anaijua na kila mtoto anaitaka, bali juu ya kile inachokivuta: vagoni za mizigo.

Kazi hii si ya watoto peke yao. Ulaya na Marekani watu wazima wenye wajukuu wanatengeneza treni ndogo za kuweka juu ya meza. Kampuni ya Märklin ya Ujerumani ilianza kuuza treni ndogo pamoja na reli zake mwaka 1891, na mpaka leo kazi hiyo inaendelea. Kwa watu wa namna hiyo lokomotivi si mtihani mkubwa, sababu picha zake ni nyingi. Mtihani ni vagoni. Mwenye kujua anaangalia herufi za ubavuni, mlango, magurudumu na mzigo, kisha anauliza: hii ni vagoni ya mwaka gani? Herufi zikiwa za 1950 na mzigo ukiwa wa 1980, anacheka na kwenda zake.

Sisi wamama tuna sababu yetu ya kupenda vagoni. Pesa za masomo ya watoto wangapi zilitoka kwa mifuko ya mahindi na vikapu vya samaki vilivyopanda treni? Na wazee wa shemandefere waliojua kila bolti ya vagoni hizo wanatuacha mmoja mmoja, huku vagoni zenyewe zinaoza kwenye reli za pembeni au zinakatwa kuwa vyuma chakavu. Mtoto anayetengeneza vagoni ya mikebe kwa usahihi, na aliyemuuliza nkambo yake maswali ya kweli, anahifadhi kitu ambacho hakuna anayekiandika kwa ajili yetu.

HERUFI ZA UBAVUNI

Tuanze na herufi, maana ndizo zinazokosesha watoto kwanza. Mtoto anaandika SNCC juu ya kila vagoni, sababu ndiyo anayoiona. Lakini SNCC ni jina la tangu 1997, nchi iliporudia jina la Kongo. Kabla ya hapo ilikuwa SNCZ, Z ya Zaïre, iliyoanza mwaka 1974 wakati makampuni mbalimbali ya reli yalipounganishwa kuwa moja. Kati ya 1995 na 1997 kulipita pia jina la Sizarail, lakini halikukaa sana.

Kabla ya 1974 lazima umuulize mtoto: treni yako ni ya upande gani? Katanga na Kasai zilikuwa na KDL, na kabla yake BCK, kampuni iliyoundwa mwaka 1906. Wazee wengi wa Lubumbashi mpaka leo wakisema «BCK» wanataka kusema reli yote. Upande wa mashariki, Kalemie, Kabalo, Kongolo, Kindu, na juu kabisa Kisangani na Ubundu, ilikuwa CFL, kampuni ya Maziwa Makuu, iliyoanzishwa mwaka 1902. Mtoto wa Kalemie anayeandika BCK kwenye vagoni ya mwaka 1930 amekosea, kama vile mtu anayempa bibi yake jina la ukoo wa jirani.

Reli yenyewe iliingia Katanga ikitoka kusini. Ilipita Sakania na kufika Élisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, mwaka 1910. Mwaka 1918 ilifika Bukama kwenye mto Lualaba. Mwaka 1928 ilifika Port-Francqui, ambayo leo ni Ilebo, na mwaka 1931 iliungana na reli ya Angola kwa njia ya Dilolo. Upande wa CFL, kipande cha Kabalo mpaka Albertville, yaani Kalemie, kilimalizika mwaka 1915, wakati wa vita ya kwanza ya dunia. Ukitaka kuandika jina la mji kwenye stesheni ndogo ya kartoni, kumbuka kwamba Lubumbashi, Likasi na Kalemie zilipata majina haya mwaka 1966. Treni ya mvuke iliyosimama mwaka 1940 mbele ya kibao cha «Kalemie» haiwezekani.

Hapa kuna kichekesho kidogo. Kampuni iliyomiliki sehemu kubwa ya reli ya kusini iliitwa Léokadi, maana yake Léopoldville-Katanga-Dilolo. Baadaye ikawa KDL, na K ile ni Kinshasa. Lakini reli ya Katanga haijafika Kinshasa mpaka leo! Inaishia Ilebo, mzigo unashuka, unapanda mashua ya mto Kasai, unafika Kinshasa kwa maji, na kutoka huko unapanda treni nyingine kwenda Matadi. Jina lilisafiri, reli ikabaki.

Vagoni za wageni nazo zina tarehe zake. Reli ya kusini ilikuwa imeungana na ile ya Rhodesia, kwa hiyo herufi RR katika treni ya zamani ya Lubumbashi ni sawa kabisa. Vagoni za TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia iliyokabidhiwa mwaka 1976, haziwezi kuonekana katika treni ya mwaka 1960. Na herufi CFB za reli ya Benguela ya Angola ndizo mtego mkubwa. Kuanzia 1931 vagoni zake zilikuwa jambo la kawaida upande wa Kolwezi. Mwaka 1975 vita ya Angola ilifunga njia. Kwa miaka arobaini na zaidi madini yetu hayakupita tena huko, mpaka yalipoanza tena mwaka 2018. Kwa hiyo mtoto anayetengeneza treni ya Kolwezi ya mwaka 1985 asiandike CFB. Akiuliza kwa nini, hapo umepata nafasi ya kumwelezea namna vita ya nchi jirani inavyoweza kupandisha bei ya sabuni nyumbani kwetu.

UPANA WA RELI

Pima vidole vinne vya mkono wako, bila kidole gumba. Ni karibu milimetre 67. Upana huo mdogo ulitesa watu wa mashariki kwa miaka arobaini.

Reli ya Katanga ina upana wa milimetre 1,067 kati ya chuma na chuma, sawa na Zambia, Zimbabwe, Afrika ya Kusini na Angola. Ndiyo maana vagoni inaweza kutoka baharini Lobito au Durban ikaingia Lubumbashi bila kushusha hata mfuko mmoja. Lakini CFL ilijenga reli zake kwa upana wa milimetre 1,000 kamili. Vagoni ya upande mmoja haikuweza kutembea upande mwingine. Na tena, reli hizo mbili hazikukutana: mzigo wa Katanga ulishuka Bukama, ukapanda mashua ya Lualaba mpaka Kabalo, ukashuka, ukapanda treni ya CFL mpaka Kalemie, ukashuka, ukapanda mashua ya Tanganyika mpaka Kigoma, ukashuka, ukapanda treni ya kwenda Dar es Salaam. Hesabu mwenyewe mara ngapi mgongo wa mtu ulibeba mfuko uleule. Mama aliyewahi kusafirisha unga anajua: kila mahali mzigo unaposhuka, mfuko mmoja unapasuka na mwingine unapotea.

Katikati ya miaka ya 1950 reli za CFL kutoka Kindu na Kalemie zilipanuliwa zikawa milimetre 1,067, na njia mpya ikaunganisha Kamina na Kabalo. Tangu hapo vagoni inaweza kutoka Lubumbashi ikafika Kalemie bila kufunguliwa. Kipande cha Kisangani na Ubundu hakikupanuliwa. Kigoma nako reli ni ya milimetre 1,000 mpaka leo, na ziwa liko katikati, kwa hiyo vagoni ya Tanzania hutaiona kamwe pale Kalemie. Kaskazini, upande wa Aketi na Mungbere, reli ya Vicicongo ilikuwa nyembamba kabisa, milimetre 600 tu.

VAGONI NA MZIGO WAKE

Sasa tuingie katika vagoni zenyewe. Aina ni nyingi, lakini mtoto akijua nne anaweza kutengeneza treni nzuri.

Ya kwanza ni vagoni ya kufunikwa. Ina kuta, paa la mviringo, na mlango mmoja katikati ya kila ubavu. Mlango huo haufunguki kama wa nyumba, unateleza kando juu ya chuma. Watoto wengi wanautengeneza na bawaba, na hilo ni kosa: mlango wa bawaba ungepiga treni nyingine au nguzo. Za zamani zilikuwa na kuta za mbao zilizoshikwa na fremu ya chuma, na fremu ile inaonekana kwa nje. Mtoto anaweza kuipiga kwa vijiti na waya. Za baadaye ni chuma tupu chenye mikunjo, na hapo ubavu wa mkebe wa tomati ulio na mikunjo yake unafanana nayo sana. Ndani ya hizo zilipanda mahindi, sukari, saruji, pamba na bidhaa zote zinazoogopa mvua na wezi.

Ya pili ni vagoni ya wazi yenye kuta ndefu bila paa. Hii ndiyo vagoni ya Katanga. Tanuru la shaba la Lubumbashi lilianza kazi mwaka 1911, na makaa ya mawe ya kulilisha yalitoka mbali, Wankie, ambayo leo inaitwa Hwange, katika Zimbabwe. Treni zilikuja zimejaa makaa na kurudi na shaba. Kuta zake zina milango midogo ya kuanguka chini, ili watu waweze kushusha mzigo kwa koleo.

Hapa nitakaa kidogo, sababu mzigo ndio unaomtambulisha fundi wa kweli. Mwambie mtoto ajaze vagoni ya shaba. Ataweka vipande vyekundu mpaka juu, vimwagike. Si kweli. Tuchukue vagoni inayoruhusiwa kubeba tone 40, ndani yake urefu metre 12 na upana metre 2 na santimetre 40. Shaba ya metre moja ya mraba wa pande zote ina uzito wa karibu tone 9. Tone 40 za shaba zikitandazwa sakafuni zinafika kimo cha santimetre 15 tu, au zaidi kidogo kwa sababu ya nafasi zinazobaki kati ya vipande. Mtu anayetazama kutoka mbali anadhani vagoni haina kitu! Imejaa, tena imelemewa. Tone 40 za mahindi katika vagoni ileile zinafika karibu metre 2. Na makala ya kupikia? Makala ni mepesi. Vagoni inafurika mpaka paa kabla ya kufika tone 15. Ndiyo maana mama wa makala analia bei kuliko mama wa mahindi: analipa nafasi ya vagoni nzima, akisafirisha uzito mdogo.

Ya tatu ni vagoni ya sakafu tupu, bila kuta. Ilibeba magogo, mashine za mgodi, reli zenyewe, na leo inabeba makontena. Kontena fupi lina urefu wa metre 6 na santimetre 6, kwa hiyo mawili yanakaa juu ya vagoni moja ndefu. Lakini angalia mwaka. Makontena ya namna hii yalianza kupanda meli za Marekani mwaka 1956, na vipimo vyake vilikubaliwa duniani katika miaka ya 1960. Kontena juu ya vagoni ya BCK ya mwaka 1948 ni hadithi ya kubuni.

Ya nne ni vagoni ya tanki, ya mafuta ya magari na mawese. Pipa refu limelala juu ya fremu, na juu katikati kuna kifuniko cha kujazia pamoja na ngazi ndogo ya fundi. Nitarudi kwa vagoni hii chini, kwa habari ya huzuni.

MAGURUDUMU NA VISANDUKU VYAKE

Vagoni fupi za zamani zina magurudumu manne tu, mawili mbele na mawili nyuma. Vagoni ndefu zina manane: chini ya kila mwisho kuna kigari kidogo cha magurudumu manne, ambacho mafundi wanakiita bogi. Bogi inageuka kidogo kwenye kona, na ndiyo inayowezesha vagoni ya metre 12 kupita mlimani bila kutoka njiani.

Angalia mwisho wa kila chuma kinachounganisha gurudumu mbili. Vagoni za zamani zina kisanduku chenye kifuniko pale. Ndani yake kulikuwa na mafuta na nyuzi za pamba, ili chuma kinachozunguka kisiwake moto. Katika kila stesheni kubwa mfanyakazi alipita na kopo la mafuta, akifungua kifuniko, akigusa, akiongeza. Mafuta yakikauka, au mtu akiiba zile pamba za kuwashia moto, kisanduku kilitoa moshi njiani, chuma kikakatika, na vagoni ikaanguka. Vagoni za karibuni hazina visanduku vya kufunguliwa, zina ringi za chuma zilizofungwa. Mtoto akitaka vagoni ya mwaka 1930, abandike vipande vidogo vya mbao penye mwisho wa kila ekseli. Akitaka ya 1990, aweke duara dogo tu.

KUTENGENEZA KWA MIKEBE

Wengi wanaanza na mkebe, halafu wanatafuta magurudumu. Afadhali kuanza na gurudumu. Kifuniko cha chupa ya bia au limonade kina upana wa karibu milimetre 28. Gurudumu la vagoni ya kweli lina upana wa karibu santimetre 85. Gawanya: la kweli ni mara 30 ya kifuniko. Basi kila kitu kigawanywe kwa 30, na treni nzima itakuwa na kipimo kimoja.

Vagoni ya metre 12 inakuwa santimetre 40. Upana wake unakuwa santimetre 8, kimo cha kuta santimetre 7. Nafasi kati ya reli na reli ni milimetre 36. Reli za CFL ya zamani zingekuwa milimetre 33, na mtoto anaweza kuona kwa macho kwamba vagoni ya 36 haiingii kwenye 33. Mtu mzima anakuwa na kimo cha santimetre 5 na nusu, mfuko wa mahindi santimetre 3. Ile shaba ya santimetre 15 inakuwa milimetre 5, yaani unene wa sandale nyembamba. Kata kipande cha sandale, kipake rangi nyekundu ya udongo, kilaze sakafuni, mzigo umekwisha. Kontena mbili za kartoni, kila moja santimetre 20 kwa 8, zinajaza vagoni ya sakafu tupu bila kubakiza nafasi.

Kwa vagoni ya tanki mkebe wa tomati wa kawaida, wenye upana wa santimetre 7 na kidogo, unafaa sana. Mikebe mitatu ikishikamanishwa inafanya tanki moja. Mkebe mkubwa wa maziwa ya unga ni mnene mno, utatokeza kushoto na kulia. Mkebe wenye kutu au makali usiachiwe mtoto mdogo. Mama au kaka mkubwa akunje kingo kwa koleo kwanza.

Jambo moja zaidi kuhusu gurudumu: gurudumu la treni lina ukingo unaolizuia lisiteleze kando, na ukingo huo uko upande wa ndani, kati ya reli mbili. Watoto karibu wote wanauweka nje. Kata duara la bati lenye upana uliozidi kifuniko kwa milimetre 4, lishikamanishe na kifuniko upande wa ndani, na vagoni itashika njia hata ukiisukuma kwa nguvu.

Kipimo kichukuliwe wapi? Si kwa kwenda kwenye reli na kamba. Vagoni iliyosimama inaweza kusukumwa na lokomotivi iliyo mbali bila mtu kusikia. Mtoto asimame kwenye njia ya kupita watu, nje ya uzio, ahesabu. Mbao ngapi katika mlango? Mlango unachukua sehemu ya ngapi ya ubavu? Mtu anayepita mbele ya vagoni, kichwa chake kinafika wapi? Kwa mtu huyo mmoja utapata vipimo vyote, maana kimo cha mtu kinajulikana.

PAA SI MAHALI PA KUKAA

Nilisema nitarudi kwa vagoni ya tanki. Mwezi wa Novemba 2017, karibu na Buyofwe, upande wa Lubudi katika Lualaba, treni ya mizigo yenye tanki za mafuta ilianguka bondeni ikawaka. Watu zaidi ya 30 walikufa, na wengi wao walikuwa wamepanda vagoni za mizigo bila ruhusa. Mwezi wa Machi 2022, katika eneo hilohilo la Buyofwe, treni nyingine ya mizigo ilianguka, na watu zaidi ya 60 walikufa. Hao nao walikuwa wasafiri wa juu ya mizigo.

Hatuandiki haya ili kuwalaumu waliokufa. Treni ya abiria haiji, barabara imekatika, mzigo unaoza, mtoto ana njaa. Kila mama wa biashara anajua hesabu hiyo. Lakini vagoni ya mikebe inaweza kumwonyesha mtoto, na sisi wenyewe, jambo ambalo maneno hayalionyeshi. Weka shaba yako ya sandale sakafuni, kisha inamisha vagoni kando polepole. Inavumilia. Toa shaba, weka mawe mawili juu ya paa, inamisha tena kwa kiasi kilekile. Inaanguka. Uzito wa chini unashikilia vagoni, uzito wa juu unaivuta ianguke. Watu na mifuko juu ya vagoni ndiyo mawe yale, na kona ya Buyofwe ndiyo mkono wako.

Tanki lina shida yake ya pekee: mafuta ndani yakiwa nusu yanacheza, yanakimbilia upande wa nje wa kona. Jaza chupa maji nusu, ilaze, igeuze haraka, utasikia mkononi namna yanavyosukuma.

Na kuna waya. Kuanzia mwaka 1952, kwanza kati ya Likasi na Tenke, halafu Lubumbashi na Kolwezi, treni za Katanga zilianza kuvutwa kwa umeme. Leo zaidi ya kilometre 800 zina waya juu ya reli, na waya huo una nguvu ya karibu volti 25,000. Umeme wa namna hiyo hausubiri kuguswa. Mtu anayesimama juu ya paa la vagoni, hasa akiwa na fimbo, mwavuli wenye maji au beseni la chuma kichwani, anaweza kupigwa kabla ya kuufikia. Mtoto anayetengeneza treni ya Likasi aweke nguzo na waya kwa kipimo chake, na mtu mmoja wa waya wa santimetre 5 na nusu amsimamishe juu ya paa. Atazame nafasi inayobaki juu ya kichwa.

MASWALI YA KUMPELEKEA NKAMBO

Kama nyumbani au katika mtaa kuna mzee wa shemandefere, au mama aliyekuwa akiuza chakula kwenye stesheni wakati treni zilipopita kila siku, mtoto ampelekee vagoni yake kabla ya kuipaka rangi. Asiulize «zamani ilikuwaje?», maana jibu lake litakuwa «ilikuwa nzuri.» Aulize: mlango ulifungwa na nini? Rangi ilikuwa nyekundu ya udongo, nyeusi au kijivu? Nani alipanda juu ya vagoni kufunga breki ya mkono? Samaki wa Kalemie walipanda vagoni gani, na walifunikwa na nini? Ulilipa kwa mfuko au kwa kilo? Mzee atashika ile vagoni mkononi, ataigeuza, na atasema kosa liko wapi. Majibu yaandikwe katika daftari pamoja na jina la stesheni na mwaka.

Baada ya hapo rangi, na baada ya rangi maandishi. Herufi za kampuni, namba ya vagoni, na chini yake mistari miwili midogo: uzito wa vagoni tupu, ambao kwa Kifaransa unaitwa tare, na uzito inaoruhusiwa kubeba. Wamama wa soko hawahitaji maelezo hapa. Tare ndiyo ile tunayoitoa tunapoweka beseni tupu juu ya mizani kabla ya kupima mchele.

Kwa vagoni ya mwisho kabisa, kipande cha plastiki chekundu kibandikwe nyuma, mahali pa taa. Treni ilipopita stesheni, shefu wa gare alitafuta taa hiyo kwanza. Akiiona, alijua treni imefika nzima. Asipoiona, kuna vagoni iliyobaki njiani, na treni inayofuata haipaswi kuachiwa njia.